Fidia ya Kuumia na Kodi: Maswali Tunayoulizwa Mtwara na Lindi

Huku Kusini ukitamka "fidia", wengi wanafikiria mikorosho iliyokatwa kupisha bomba la gesi. Ukurasa huu unazungumzia fidia nyingine: ya aliyegongwa barabarani, aliyeangukiwa na gunia ghalani, aliyeumia kazini. Maswali ni ya watu wanaofika mezani kwangu hapa Mtwara mjini na karatasi mkononi, wengine wametoka Masasi, Newala na Lindi na gari la alfajiri. Nimeyapanga kuanzia yale ya kila siku hadi yale yanayotokea mara moja moja. Viwango vya kodi vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha kila Julai, kwa hiyo ukija kusoma hapa baada ya bajeti mpya, hakiki tarakimu kwanza.

## Mambo ya mwanzo

1. Nimelipwa fidia ya kuumia. TRA watataka chao?

Sehemu kubwa, hapana. Sehemu fulani, inawezekana. Jina "fidia" lenyewe haliamui kitu.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inatoza mapato yanayotokana na ajira, biashara au uwekezaji. Mguu wako si ajira, si biashara, na hukuuwekeza popote. Fedha unayopewa kwa sababu mguu umevunjika haina mlango wa kuingilia kwenye sheria hiyo.

Ila sheria hiyohiyo inasema kwamba fidia inayoziba pengo la kipato inahesabiwa kama kipato kile ilichokiziba. Kama mshahara wako ungekatwa kodi, basi fidia ya mshahara uliopotea nayo inakatwa. Ndiyo maana mtu akiniletea hati yake simuulizi aliumia vipi. Namuuliza: shilingi hii imekuja mahali pa nini? Majibu karibu yote hapa chini yanatoka kwenye swali hilo moja.

2. Basi nitajie, kipi kinakatwa na kipi hakikatwi?

Maumivu, kilema, kovu, kupoteza jicho au kidole: hakikatwi. Gharama za hospitali, dawa, magongo na nauli za kwenda kliniki ulizolipa mfukoni ukarudishiwa: hazikatwi, maana hapo hujapata kitu, umerudishiwa chako.

Mshahara wa miezi uliyolala: unakatwa. Faida ya biashara iliyosimama: inakatwa. Riba juu ya fedha iliyocheleweshwa: inakatwa (swali la 13). Chombo kilichoharibika kina hesabu yake (swali la 10).

Panapobishaniwa ni fidia ya kupoteza uwezo wa kuchuma huko mbele. Fundi ujenzi wa miaka 30 asiyeweza tena kupanda ngazi amepoteza nini, mishahara ya miaka ijayo au sehemu ya mwili wake? Mimi naiona kama sehemu ya mwili, na ndivyo ninavyoiandika: kuupoteza uwezo wenyewe si sawa na kudai mshahara wa Machi na Aprili. Lakini ikiwa hati imesema "mishahara ya miezi 60 ijayo", umempa ofisa wa kodi hoja kwa mkono wako mwenyewe.

3. Hati ya makubaliano ina tarakimu moja tu, bila maelezo. Kuna shida?

Ipo, na ndiyo shida ninayokutana nayo kuliko zote.

Mama mmoja muuza samaki wa Mikindani alikuja na karatasi ya ukurasa mmoja. Juu jina la kampuni ya bima, katikati "Sh. 9,000,000 ikiwa ni malipo kamili na ya mwisho", chini dole gumba lake la wino wa bluu. Basi. Hakuna neno maumivu, hakuna matibabu, hakuna biashara iliyolala. Nilipomuuliza walivyofikia milioni tisa, alisema walizungumza muda mrefu: matibabu yake yalikuwa kama milioni tatu, biashara kama milioni moja, "na nyingine ya pole ya mkono". Yaani mchanganuo ulikuwepo kabisa, ila ulibaki mdomoni.

Kabla ya kusaini, omba mafungu yaandikwe: kiasi gani ni maumivu na kilema, kiasi gani ni matibabu, kiasi gani ni kipato kilichopotea, kiasi gani ni chombo. Kampuni haipungukiwi na kitu kwa kuandika mistari minne. Wakikuambia fomu yao haina nafasi, omba barua ya kuambatanisha. Mafungu yawe ya kweli. Ukidai ulikuwa unapata milioni mbili kwa mwezi ili bima ipande, halafu kwenye hati kipato kilichopotea kikawa sifuri, karatasi zako mbili zitagombana zenyewe.

Kama umeshasaini, si mwisho wa dunia. Kusanya barua ya madai uliyopeleka mwanzo, risiti, PF3 (fomu ya polisi ya kwendea hospitali), ripoti ya daktari na ujumbe wa simu mliotumiana. Mchanganuo unaweza kujengwa upya kutoka humo. Kwa yule mama ndivyo tulivyofanya.

Usikubali pia kukimbizwa. Kwa madai ya madhara ya namna hii Sheria ya Ukomo inatoa miaka mitatu ya kwenda mahakamani. Anayekuambia "saini leo au hela inarudi Dar" ana haraka zake.

4. Ajenti ameniambia "hela ya bima haina kodi". Ni kweli?

Amesema nusu. Sheria haiangalii mlipaji ni nani, bima au mtu binafsi. Inaangalia kilichofidiwa. Rudi swali la 1.

## Mshahara na mwajiri

5. Nilikuwa nauguza mguu nyumbani, mwajiri akaendelea kunilipa. Mbona PAYE (kodi ya mshahara) ilikatwa?

Kwa sababu huo ulikuwa mshahara, haukuwa fidia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakupa siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Malipo hayo yanapita kwenye hati ya mshahara kama kawaida. Kuumwa hakuubadilishi mshahara ukawa kitu kingine.

6. Nilikaa miezi minne bila malipo, kisha mwajiri akalipa yote kwa mpigo na kodi ikawa kubwa ajabu. Nimeibiwa?

Huenda hujaibiwa, umepimwa vibaya. Tuchukue mshahara wa 600,000 kwa mwezi, na mchango wa NSSF tuuweke kando ili hesabu isituchanganye. Kwa viwango vinavyotumika tangu Julai 2021, 270,000 za kwanza hazina kodi, hadi 520,000 ni asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi 760,000. Kwenye 600,000 kodi ni 36,000 kwa mwezi. Miezi minne ni 144,000.

Sasa karani akiichukua 2,400,000 na kuiingiza kama mshahara wa mwezi mmoja, sehemu iliyopita milioni moja inapigwa asilimia 30. Kodi inakuwa 548,000. Tofauti ni 404,000, ambayo kwa mtu aliyetoka hospitali ni gunia kadhaa za mchele.

Kodi ya mtu binafsi mwisho wake hupimwa kwa mwaka. Mtu huyu kwa mwaka amepata 7,200,000, na kodi ya mwaka ya kiasi hicho ni 432,000, sawasawa na 36,000 mara 12. Kwa hiyo mwendee mhasibu wa mwajiri kwanza, kwa adabu, na hati zako za mshahara za mwaka mzima. Mara nyingi anarekebisha kwenye mwezi unaofuata. Asipofanya hivyo, unaomba marejesho TRA. Ni safari ndefu kidogo lakini haki yako ipo.

7. Mwajiri alilipa bili ya hospitali. Itahesabiwa kwenye mapato yangu?

Haihesabiwi, ilimradi utaratibu huo unawahusu wafanyakazi wote bila ubaguzi. Msamaha huo unamfikia mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wao wasiozidi wanne. Mwajiri anayemtibia meneja peke yake na kuwaacha vibarua hapati msamaha huo kwa bili ya meneja.

8. Nimepewa "kifuta jasho" siku hiyohiyo niliyoachishwa kazi. Ni fidia ya kuumia au?

Jina zuri, lakini soma barua. Malipo ya kukatishwa ajira (notisi, likizo ambayo hukuichukua, malipo ya kuachishwa) ni mapato ya ajira na yanakatwa kodi, hata yakiamuliwa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kama ndani ya kiasi hicho kuna sehemu ya kidole kilichobaki kwenye mashine, sehemu hiyo iandikwe peke yake, na sababu yake itajwe kuwa ni kuumia, isiwe kuondoka kazini. Nimeona barua ya mistari mitatu ikichanganya yote na kuita "asante ya utumishi". Kwa barua ya namna hiyo ofisa wa kodi hana namna ya kukusaidia hata akitaka.

9. Na WCF?

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi una sheria yake, Sura ya 263, na madai yake yanapita kwa Mfuko wenyewe, hayapiti kwenye hati ya makubaliano ya swali la 3. Hapa nitasema mawili tu ambayo watu huyakosea. Kwanza, madai yapelekwe ndani ya miezi 12, kwa hiyo mwambie mwajiri mapema na kwa maandishi. Pili, mchango wa WCF ni wa mwajiri peke yake. Ukiuona umekatwa kwenye hati yako ya mshahara, uliza, maana haikupaswa kuwa hivyo. Na usichanganye malipo ya WCF na mshahara ambao mwajiri anaendelea kukulipa: ule wa swali la 5 unakatwa PAYE kama kawaida.

## Biashara, vyombo na mashamba

10. Chombo changu kiliharibika kabisa na bima ikalipa. Kuna kodi?

Kama ni pikipiki ya kwendea shambani na msikitini, hapana. Ni mali binafsi.

Kama ni chombo cha biashara na unatunza hesabu kamili, kuna jambo. Chukua gari dogo la kampuni lililonunuliwa milioni 20. Uchakavu ambao sheria ya kodi inaruhusu kwa kundi la magari ya namna hiyo ni asilimia 37.5 kwa mwaka, kwa hiyo baada ya mwaka mmoja vitabu vinasema limebaki na thamani ya milioni 12.5. Bima wakikulipa milioni 15, na hakuna gari jingine kwenye kundi hilo, zile milioni 2.5 za juu zinaingia kwenye mapato ya biashara. Watu hushangaa: "Gari limekufa, faida imetoka wapi?" Imetoka kwenye uchakavu uliokwisha kuupunguza kwenye kodi ya mwaka uliopita. Hesabu inarudi ilikotoka.

11. Mimi ni bodaboda, sikuendesha miezi mitatu. Waliniandikia "fidia ya hesabu iliyopotea". Nafanyaje?

Hesabu iliyopotea ni kipato cha biashara, na inahesabiwa kama biashara. Lakini angalia, hesabu hiyo ni ya nani? Kama pikipiki ni ya tajiri na wewe ulikuwa unampelekea hesabu kila jioni, fungu hilo ni lake, na chako ni kile kinachobaki baada ya mafuta na hesabu. Vijana wengi wanasaini mapato yote ya siku kana kwamba ni yao, halafu tajiri naye anakuja kudai. Hapo ugomvi unakuwa wa watu watatu.

Kwa wafanyabiashara wadogo kama mama lishe au muuza samaki, kodi ya makadirio inakwenda kwa mauzo ya mwaka, na mauzo yasiyozidi milioni 4 hayalipi kitu. Kwa wengi wa hawa, sehemu ya "biashara iliyolala" haibadilishi chochote. Nasema hivyo kwa sababu nimeona watu wakikataa fungu la biashara kwa kuogopa TRA, wakaacha laki kadhaa mezani bure.

12. Lori liligonga banda na kukata mikorosho yangu mitano, nami nikaumia. Fidia ni moja?

Imelipwa kwa hundi moja, lakini ndani mna fidia tatu. Mwili ni swali la 2. Banda na miti ni mali. Korosho za msimu ambazo ungeziuza mnadani ni kipato cha kilimo, na zinafuata kanuni ya kipato. Tenganisha kama swali la 3 linavyosema. Fidia ya ardhi inayotwaliwa kwa mradi ina sheria zake za ardhi na tathmini, na sitaigusa hapa, ingawa kila mtu huniuliza.

## Riba, kifo na fedha ikishaingia

13. Mahakama iliamuru nilipwe pamoja na riba. Riba nayo ni ya kuumia?

Hapana. Riba ni malipo ya kucheleweshewa fedha, haihusiki na mfupa. Kwa kawaida riba juu ya hukumu huwa asilimia 7 kwa mwaka, na haizidi 12. Itenge kwenye hesabu zako na uione kama mapato ya uwekezaji. Kesi iliyokaa miaka minane inaweza kuzaa riba inayozidi nusu ya fidia yenyewe, kwa hiyo usiipuuze.

14. Ndugu yetu alifariki kwenye ajali njia panda ya Mingoyo. Fidia ya wafiwa inakatwa kodi?

Poleni sana. Fidia ya waliokuwa wakimtegemea marehemu (mjane, watoto, wazazi) haiji kwa sababu wao wamefanya kazi au biashara. Na urithi kwa wanaoupokea umesamehewa kwenye kodi ya mapato. Rambirambi zilizochangwa msibani hata si za kujadili.

Cha kuangalia ni malimbikizo ya mshahara wa marehemu mwenyewe. Hayo ni mapato yake ya ajira, na mwajiri atakata kodi kabla ya kumkabidhi msimamizi wa mirathi. Msimamizi asiziweke fedha hizo kwenye akaunti yake binafsi pamoja na za korosho. Mwaka mmoja baadaye hakuna atakayekumbuka ipi ni ipi, na ukoo utaanza kuhesabiana.

15. Nikiiweka benki au nikijenga nyumba ya kupanga, fidia inaanza kulipiwa kodi?

Fidia yenyewe, hapana. Kinachozaliwa nayo, ndiyo. Riba ya akaunti ya muda maalumu benki wanaikata asilimia 10 kabla hujaiona, na kwa mtu binafsi inaishia hapo. Kodi ya pango la nyumba ni asilimia 10 ya pango. Ukifungua duka, hiyo ni biashara kama biashara nyingine.

16. Wakili alichukua sehemu yake. Kodi inahesabiwa kabla au baada?

Kwa sehemu ya mwili haina maana, hakuna kodi. Kwa sehemu ya biashara, ada ya wakili iliyohusu kudai kipato hicho ni gharama ya biashara na inaondolewa, ukiwa na risiti ya mashine ya EFD. Kwa sehemu ya mshahara huondoi kitu, kwa sababu mapato ya ajira hayana gharama za kutoa. Naona si haki sana, lakini ndivyo ilivyo.

## Mambo ya pembeni

17. Mwanangu aliumia Marekani na kulipwa huko. Anataka kunitumia Lindi. Nani analipa kodi wapi?

Kule kanuni ni nyingine. Fidia ya majeraha ya mwili imesamehewa, lakini tangu mabadiliko ya sheria ya 1996 lazima jeraha liwe la mwili kweli. Fidia ya msongo wa mawazo peke yake inatozwa, isipokuwa kiasi kilichotumika kwa matibabu yake. Fidia ya adhabu, ile ya kumkomoa mkosaji, inatozwa. Riba inatozwa. Na kama mtu alishatumia gharama za matibabu kupunguza kodi yake mwaka uliopita, akirudishiwa gharama hizo anazihesabu kama kipato. Hilo la mwisho huku kwetu halitokei, kwa kuwa mtu binafsi hapunguziwi kodi kwa bili za hospitali.

Kuna kesi moja ya huko ninayopenda kuwasimulia wateja wabishi. Mwaka 1997 mchezaji wa kikapu Dennis Rodman alimpiga teke mpiga picha pembeni ya uwanja. Wakapatana kwa dola 200,000, na hati ikamfunga mpiga picha asiseme lolote kuhusu tukio hilo. Mamlaka ya kodi ikataka kusamehe dola 1 tu. Mwaka 2003 Mahakama ya Kodi ikagawa: dola 120,000 ni za jeraha, hazina kodi, na dola 80,000 ni za kunyamaza na mengineyo, zina kodi. Miaka yote hiyo ni kwa sababu hati haikusema wazi kipi ni kipi.

Sasa wewe mama wa Lindi: fedha anayokutumia mwanao ni zawadi, na zawadi isiyotokana na ajira wala biashara haitozwi kodi ya mapato. Makato ya kupokea kwa simu ni ada ya huduma, si kodi ya fidia. Hifadhi ujumbe wake unaosema ametuma kwa ajili gani.

18. TRA wameniletea makadirio wakihesabu fidia yote kama mapato. Nifanye nini?

Usiiweke barua kwenye kabati. Una siku 30 tangu ulipopokea kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu, kwa maandishi, ukieleza fungu kwa fungu. Pamoja nalo unatakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi ambacho hukibishii, kile kilicho kikubwa. Kama huna uwezo, unaweza kuomba kupunguziwa au kusamehewa amana hiyo, kwa sababu za maana na kwa maandishi. Ukishindwa hapo, kuna Bodi ya Rufani za Kodi. Andika tarehe uliyopokea barua juu ya bahasha siku hiyohiyo. Nimeona watu wakipoteza haki kwa kubishana tarehe kuliko kubishana kodi.

19. Karatasi zipi nitunze, na kwa muda gani?

Hati ya makubaliano au hukumu, barua ya madai ya mwanzo, PF3, ripoti ya daktari inayotaja kilema, hati za mshahara za kabla na baada, risiti zote, na taarifa ya benki inayoonyesha fedha ilivyoingia. Miaka mitano.

Na risiti za EFD zitolewe nakala wiki hiyohiyo. Yule mama wa Mikindani alikuja na mfuko wa rambo uliojaa risiti za dawa alizozihifadhi kwa uaminifu mwaka mzima juu ya kabati, chini ya bati. Tulizimwaga mezani. Zaidi ya nusu zilikuwa karatasi nyeupe tupu, wino wote umeondoka na joto. Ilibidi arudi duka la dawa moja baada ya jingine kuomba waandike upya, na wawili kati yao walikuwa wameshafunga.